Kisu kimoja kwa kazi mbili: uchambuzi wa kisa cha mwongoza wapandaji wa Rwenzori

Mwenye kisa ni kijana wa wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, anayepandisha wageni mlima Rwenzori. Alianza kama mpagazi, sasa ni msaidizi wa mwongozaji, na safari moja humweka mlimani wiki nzima au zaidi. Kisu chake cha siku zote ni cha jikoni, chenye mpini wa plastiki, na husafiri kimeviringishwa kwenye gazeti. Sasa anataka kisu cha kweli, kisichokunjika, chenye ala yake, na ametenga shilingi 250,000. Sharti lake ni moja tu: kiwe kisu kimoja kwa kazi mbili. Kimsaidie kubaki hai mambo yakiharibika mlimani, na kimlinde anaposhuka kwenye basi usiku na kutembea hadi nyumbani.

Alishapata vitatu vya kuchagua. Cha kwanza ni kile ambacho wauzaji hukiita cha komando: bapa la sentimita 20, makali pande mbili kwenye ncha, meno ya msumeno mgongoni, na mpini ulio mtupu ndani, wenye dira kwenye kifuniko chake. Cha pili amekikuta kwa mhunzi, kimefuliwa kutoka jani la springi ya lori. Cha tatu ni Morakniv Companion, kisu kifupi cha Sweden, ambacho mgeni anayekuja kupanda yuko tayari kumletea. Moyo wake ulikuwa kwenye kile cha kwanza, kwa sababu kinaonekana kinaweza kazi zote mbili.

Sisi tuna shaka na sharti lenyewe. Lakini shaka hiyo haina maana mpaka kila kazi ipimwe peke yake, kwa hiyo tuanze na mlima.

Kazi ambazo mlima unazitaka

Kilele cha Margherita kipo mita 5,109 juu ya bahari. Njia ya Nyakalengija inaanzia kwenye mita 1,600 na ushei, inapita kibanda cha Nyabitaba kwenye mita 2,651, na wanaokwenda kileleni hulala Elena, mita 4,541. Katikati kuna msitu mzito, mianzi, miti ya mirika iliyofunikwa na kuvumwani, kisha matope na majani makubwa ya lobelia. Mvua inanyesha hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi. Kinachoua watu mahali kama hapa ni baridi ikichanganyika na nguo zilizolowa, na hilo ndilo linaloamua umbo la kisu.

Ukifuata siku moja ya msaidizi wa mwongozaji utaona kisu kinatoka alani mara nyingi kwa mambo madogo: kukata kamba ya kufungia mzigo, kufungua pakiti, kumenya viazi na kukata kabichi, kupunguza plasta ya malengelenge, kuchonga kigingi cha hema kilichovunjika. Hizo ndizo kazi za kila siku. Kazi za dharura ni chache na ni nzito zaidi. Ya kwanza ni kupasua ukuni uliolowa ili kupata moyo wake mkavu. Ya pili ni kukata kiatu au mguu wa suruali wa mtu aliyevunjika bila kumgusa ngozi. Ya tatu ni kukata kamba iliyonasa.

Kupasua ukuni ndiko kunakodai zaidi kutoka kwenye kisu, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Ukuni husimamishwa, makali huwekwa juu ya kichwa chake, kisha mgongo wa kisu hupigwa kwa rungu dogo mpaka mti upasuke. Ili uendelee kupiga baada ya makali kuzama, ncha lazima itokeze upande wa pili angalau sentimita tatu. Kisu chenye bapa la sentimita 10 kinapasua ukuni wa sentimita sita au saba, na huo unatosha, kwa sababu moyo mkavu huanza kuonekana kwenye ukuni wa unene wa kifundo cha mkono. Bapa la sentimita 20 halikuongezei moto. Linakuongezea uzito, na linafanya kazi ya viazi na plasta kuwa ya kuudhi na ya hatari.

Unene nao una mipaka yake. Chini ya milimita 2.5 bapa linapinda likipigwa vibaya. Zaidi ya milimita 5 linapasua ukuni lakini halikati nyanya, linaiponda. Eneo zuri kwa mtu huyu ni milimita 2.5 hadi 4, urefu wa sentimita 10 hadi 12.

Ncha ishuke kidogo kutoka kwenye mstari wa mgongo, isiwe nyembamba kama sindano. Ncha nyembamba ndiyo sehemu ya kwanza kuvunjika watu wanapofungulia makopo, na ndiyo inayomchoma majeruhi wakati unamkata buti. Ukikata nguo ya mtu, makali yaelekee juu, mgongo wa kisu uteleze juu ya ngozi. Ndiyo maana mgongo uliojaa meno ya msumeno ni jambo baya hata kabla hujapasua ukuni wowote.

Kile cha komando

Sura yake imetokana na visu vya vita. Ka-Bar iliyoingia kwa askari wa majini wa Marekani mwaka 1942 ina bapa la sentimita 18 hivi, na tangu hapo watu wengi wanaamini kisu kirefu ndicho kisu cha mtu anayejua anachofanya. Ila Ka-Bar ina msuka unaopita ndani ya mpini wote mpaka kwenye kitako. Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini, na ndiyo uti wa mgongo wa kisu kisichokunjika.

Fungua kifuniko cha dira cha hiki cha komando, mulika ndani. Utaona nati moja imeshika kipande kifupi cha chuma. Huo ndio msuka wote, sentimita mbili au tatu. Kila pigo la rungu kwenye ncha linakuwa wenzo unaong'oa kipande hicho, na kisu hukatika pale bapa linapokutana na mpini. Kikikatika mkononi wakati unapiga, bapa la sentimita 20 linaruka, na hujui linaelekea wapi.

Meno ya mgongoni hayakati mti. Msumeno wa kweli meno yake yamepindishwa kushoto na kulia ili kutengeneza njia pana kuliko bapa. Haya yamechongwa moja kwa moja kwenye chuma kinene, kwa hiyo yanakwama baada ya milimita chache. Yanakula rungu la kupasulia, yanachana nguo, na hayawezi kukwangua kijiti cha kuwashia cheche, kwani kijiti hicho kinataka mgongo ulionyooka wenye kona kali. Dira nayo, tuliambiwa na mwenyewe kwamba ukizungusha kisu sindano inafuata bapa. Ndivyo inavyokuwa dira ikikaa juu ya kipande cha chuma.

Kwenye bapa kumeandikwa tu kwamba hakishiki kutu. Maneno hayo hayakuambii kina kaboni kiasi gani wala kilizimishwa vipi (kuzimisha ni kutumbukiza chuma chenye moto kwenye maji au mafuta ili kiwe kigumu), na mara nyingi ni chuma laini ambacho makali yake hulala baada ya kukata kamba tano. Kisu hiki kiondoke mezani.

Cha mhunzi

Hapa tunataka kwenda polepole, kwa sababu watu wengi huwadharau wahunzi wetu bila sababu, na wengine huwaamini bila kupima. Springi ya lori ni chuma kizuri sana cha kisu. Ina kaboni karibu asilimia 0.6, imetengenezwa ivumilie kupinda mara elfu na elfu, na Katwe kule Kampala kuna watu wanaoifua kila siku kuwa patasi, panga na visu. Ubaya ukitokea, hutokea kwenye moto.

Kijana alimwuliza mhunzi, "Mzee, msuka huu unafika wapi?"

"Unafika katikati ya mpini, mwanangu. Ukitaka ufike mwisho, nakutengenezea mwingine."

Ni jibu la mtu mwaminifu, na linaonyesha kwamba kwa mhunzi unaweza kuagiza, jambo ambalo dukani halipo. Kisu chenyewe kilikuwa na bapa la sentimita 15, unene wa milimita 6, mpini wa mti uliofungwa waya wa shaba. Tulipendekeza majaribio manne, na mtu yeyote anaweza kuyafanya akiwa amesimama hapo kibandani.

La kwanza ni tupa. Pitisha tupa mpya polepole kwenye makali. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na pengine hakikurudishwa motoni baada ya kuzimishwa, kwa hiyo kitamomonyoka. Ikizama na kula chuma kama inavyokula msumari, chuma hakikushika ugumu. Unachotaka ni tupa inayoshika kidogo tu, kwa shida.

La pili ni kukunja makali. Laza bapa juu ya kipande cha shaba cha mviringo, au msumari mnene, kisha kandamiza kwa upole mpaka uone makali yanapinda. Ukiachia, yarudi yalivyokuwa. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakikwanyuka, ni magumu kupita kiasi.

La tatu ni sauti. Shika mpini kwa vidole viwili, gonga bapa kwa kucha au kwa funguo. Mlio safi unaokaa ni dalili njema. Mlio mfu unaweza kumaanisha ufa, ama mpini uliolegea. Springi iliyotoka kwenye lori chakavu huwa imebeba nyufa ndogo zisizoonekana, na kuzimisha kwenye maji huzifungua. Ndiyo maana mafuta ni salama kuliko maji kwa chuma cha springi.

La nne ni rangi. Tazama milimita chache za mwisho za makali. Ukiona buluu, jiwe la mashine lilichoma makali wakati wa kunoa. Buluu inakuja karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na hapo ugumu umeshapotea kwenye sehemu ile ile unayoihitaji. Sehemu iliyochomwa haiponi. Husagwa mpaka iishe.

Kisu hiki kilifaulu tupa na sauti, kikaanguka kwenye rangi: karibu na ncha kulikuwa na buluu ya urefu wa kidole. Unene wake pia ulikuwa wa kupasulia tu. Si kisu kibaya. Ni kisu ambacho hakijamalizwa, na kingefaa shambani kuliko mlimani.

Kwa anayetaka kuagiza kwa mhunzi, maagizo yawe hivi. Bapa sentimita 11, unene milimita 4 usizidi, msuka upana wote hadi mwisho wa mpini, matundu mawili ya ribiti na moja la kamba. Apashe moto mpaka sumaku isikamate, aongeze kidogo tu, azimishe kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa mpaka yavumilike kwa kidole kwa shida. Kisha akirudishe kwenye joto la nyuzi 200 kwa saa moja, mara mbili. Jiko la kuokea mikate la jirani linaweza kazi hiyo. Akikosa jiko, asugue bapa ling'ae, apashe kuanzia mgongoni, na asimame makali yakishika rangi ya majani makavu. Kunoa baada ya hapo kuwe kwa mkono au kwa mashine yenye maji, na vidole vyake viguse chuma muda wote: kikimchoma yeye, kinaharibika nacho.

Shida moja inabaki hata mhunzi akifanya yote hayo, nayo ni kutu. Chuma cha springi hakina kromiamu ya kutosha kujikinga. Kwenye unyevu wa Rwenzori, kisu cha namna hiyo kikilala usiku mmoja ndani ya ala ya ngozi iliyolowa, asubuhi kina madoa mekundu. Ngozi hushika maji na chumvi za kutengenezea ngozi, na humaliza kazi ambayo mvua imeanza. Kutu ya juu husuguliwa. Ile inayoingia chini ya vipande vya mpini huioni mpaka ribiti zianze kucheza.

Cha Sweden

Companion ina bapa la milimita 104, unene milimita 2.5, mpini wa plastiki wenye mpira, ala ya plastiki. Lipo toleo la kaboni na lipo la chuma kisichoshika kutu. Kwa mlima huu tulisema la pili bila kusita. Vyuma vya visu vya aina hiyo huwa na kromiamu karibu asilimia 13 na kaboni karibu 0.6, vinatosha kwa makali mazuri na vinavumilia kusahauliwa usiku mmoja kwenye ala yenye maji.

Huko nje bei yake haifiki nusu ya bajeti aliyotenga. Hilo ndilo linalowafanya watu wakione kama kitu cha watoto. Lakini mpini wake unajaa kiganjani hata ukiwa na glavu, haunyonyi maji, na una kikingio kidogo mbele kinachozuia vidole kuteleza kwenye makali. Mpini wa mti hufura kwa wiki nzima ya mvua, kisha ukirudi chini kwenye jua la Kasese unapasuka.

Kasoro zake zipo tatu na lazima zisemwe. Msuka wake haufiki mwisho wa mpini. Kinapasua ukuni wa sentimita tano au sita usio na fundo, lakini ukikigeuza kuwa mtaimbo na kubinua, plastiki inapasuka ama bapa linapinda. Piga wima, na kikikwama tia kabari ya mti badala ya kukisokota. Pili, mgongo wake haukuchongwa kona kali, kwa hiyo haukwangui cheche vizuri. Laza tupa juu ya mgongo, pitisha kwenye sentimita tatu za karibu na mpini mpaka kona ikwangue ukucha na kutoa unga mweupe. Tatu, klipu ya ala hung'oka mtu anapojipenyeza kwenye vichaka, na pia inagombana na mkanda wa kiunoni wa begi la kupandia.

Ipo ndugu yake, Garberg, yenye msuka kamili, unene wa milimita 3.2 na mgongo uliochongwa tayari. Ni kisu bora. Bei yake ingemaliza fedha zote na kudai zaidi, na kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni viazi na kamba hatuoni kwa nini afanye hivyo.

Neno kuhusu dawa ya mbu: zile zenye kemikali iitwayo DEET huyeyusha baadhi ya aina za plastiki na mpira. Ukijipaka kule chini msituni, futa viganja kabla ya kushika mpini, la sivyo baada ya miezi utaukuta unanata.

Sasa ile kazi ya pili

Tumeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu kijana aliianza nayo. Anaogopa nini hasa? Alitaja mambo matatu: watu wenye panga, mbwa wa usiku, na wanyama, maana barabara ya Kasese inapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth.

Kwa wanyama jibu ni fupi. Nyati, kiboko na ndovu hawasimamishwi na kisu cha urefu wowote. Umbali ndio kinga. Na kwa kuwa nyoka hutajwa kila mara kisu kinapotajwa: jeraha la nyoka halichanjwi wala halinyonywi. Mtu atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali.

Mbwa anazuiwa na fimbo, ambayo inamweka mbali. Kisu kinamngoja afike. Akikuuma, uchomaji wako haukupunguzii hatari ya kichaa cha mbwa hata kidogo. Unachohitaji ni sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha chanjo bila kuchelewa.

Kwa mtu mwenye panga tuseme wazi, kwa sababu hapa ndipo vijana wanapopoteza maisha. Panga la kawaida lina urefu wa sentimita 40 na zaidi. Ukiwa na kisu cha 10 au cha 20, hawezi kufikiwa kabla yeye hajakufikia. Kisu hakizuii pigo, na mtu aliyejeruhiwa haanguki papo hapo kama watu wanavyodhani. Usiku wa mvua kisu kiko chini ya koti, vidole vimekufa ganzi, begi limekaa juu ya ala. Mwaka 2021, mashambulizi ya bijambiya, yaani mapanga, yalipoitia hofu kanda ya Masaka, wengi walivamiwa majumbani mwao usiku. Kwa hali hiyo kinachosaidia ni mlango wenye komeo mbili, taa ya nje, majirani wanaoitikia yowe. Kisu chini ya mto hakimo kwenye orodha hiyo.

Kisha kuna sheria. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda inamhesabu kuwa mkosaji anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Na kujitetea kunapimwa kwa nguvu uliyotumia ikilinganishwa na hatari iliyokukabili. Askari akikuuliza kisu ni cha nini, ukajibu "cha kujilinda," umekwisha kukiita silaha kwa mdomo wako. Kisu kifupi chenye mabaki ya kitunguu, kilicholala ndani ya sufuria pamoja na vifaa vya kambi, kinajieleza. Cha komando kiunoni stendi saa tano usiku hakina maelezo yatakayosikilizwa.

Ukiwa Kampala, kumbuka kwamba tangu milipuko ya mabomu ya Julai 2010 mabegi hukaguliwa milangoni mwa maduka makubwa na hoteli. Kisu kikae chini kabisa ya begi, ndani ya ala, nje ya mfuko wa pembeni. Getini mwa hifadhi ya Rwenzori kionyeshe mwenyewe pamoja na orodha ya vifaa vya kundi, kabla mlinzi hajakiuliza. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuwasha moto wala kukata miti bila ruhusa, kwa hiyo yale ya kupasua kuni ni ya siku ambayo mtu anakufa kwa baridi na hakuna kibanda karibu.

Jinsi fedha zilivyogawanywa

Kazi ya pili ilipoondolewa kwenye kisu, hesabu ikawa rahisi. Companion moja ya chuma kisichoshika kutu, ikiletwa na mgeni kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, kwani kwenye kabini itachukuliwa. Fedha iliyobaki ikaenda kwenye tochi ya kichwani yenye mwanga wa lumeni 300 na betri za akiba, filimbi ya plastiki isiyo na kokwa ndani (yenye kokwa huganda au kukwama kwa maji), kijiti cha kuwashia cheche, na fimbo imara ya kutembelea. Tochi, filimbi na fimbo ndivyo vinavyofanya zile kazi mbili alizozitaka. Mlimani, milio sita ya filimbi ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena sita, ni wito wa dharura unaojulikana na wapandaji, na jibu lake ni milio mitatu. Mjini, filimbi hiyo hiyo huamsha mtaa, na tochi iliyoelekezwa machoni inakupa sekunde za kukimbia.

Ala tuliitengeneza upya kwa senti chache. Klipu ikakatwa, tundu la chini la kutolea maji likapanuliwa kwa msumari wa moto, kitanzi cha kamba kikafungwa ili kisu kining'inie chini ya mkanda wa begi, usawa wa paja. Kisha vikavishwa vipande vitatu vya tyubu ya baiskeli. Vinashika kamba, na kimoja kikikatwa kinawaka hata kwenye manyunyu kwa muda wa kutosha kushika vijiti. Kipimo cha ala ni kimoja: igeuze kichwa chini, itikise kwa nguvu mara kumi. Kisu kikitoka hata mara moja, usipande nacho. Mtu akiteleza kwenye mawe ya Rwenzori huanguka na uzito wa begi lote, na kisu lazima kibaki ndani.

Kunoa ni jambo ambalo tungependa lifanyike kila jioni, kwa sababu makali yaliyokwisha kabisa huchukua saa nzima kurudi. Makali ya Companion ni mteremko mpana ulionyooka. Ulaze wote kwenye jiwe, usiinue mgongo, sukuma mara tano kila upande, kisha mara chache kwenye mkanda wa ngozi. Kama huna kinoo, gundisha msasa wa maji namba 400 upande mmoja wa kipande cha ubao uliolainishwa na namba 1000 upande mwingine. Vinaingia mfukoni. Makali yakianza kumomonyoka vipande vidogo ukipasua ukuni mgumu, inua mgongo kidogo sana kwenye namba 1000 na upitishe mara mbili kila upande, inatosha kuyapa nguvu. Baada ya safari osha kwa maji baridi, kausha, pitisha tone la mafuta ya cherehani, na kihifadhi nje ya ala.

Kitabadilishwa siku mpini utakapoonyesha ufa karibu na bapa, au bapa litakapoanza kucheza. Ncha ikivunjika milimita tatu au nne, kisitupwe: isagwe upya kutoka upande wa mgongo, taratibu, na maji yakiwa karibu.